Nyonyo ya Mchana

Nesi aliuliza swali la kawaida kabisa. Alikuwa amemkalisha binti yetu juu ya meza, amemulika masikio yake kwa kitochi, amempigia makofi nyuma ya kisogo aone kama atageuka. Akageuka. Kisha akamfunua mdomo kwa kidole, akayatazama meno ya mbele, akauliza bila kuinua uso:

"Anatumia nyonyo? Zile za plastiki za kumnyamazisha mtoto?"

"Hapana," mke wangu akasema. "Aliacha kitambo. Alipofika mwaka mmoja na nusu niliitupa mwenyewe."

"Na kidole?"

"Hata kidole hanyonyi."

Nesi akanigeukia mimi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimesimama karibu na mlango na mguu wangu mmoja haukutulia. Ukutani palikuwa na bango la chanjo. Nililisoma kutoka juu hadi chini, nikalirudia.

"Meno yameanza kuacha mwanya," nesi akasema, "ndiyo maana nauliza. Masikio ni mazuri. Kwa mtoto wa miaka miwili na miezi minne, maneno matano ni machache, lakini tusiogope. Mumwongeleshe sana. Mrudi baada ya miezi mitatu."

Mke wangu alimfunga mtoto mgongoni kwa leso, tukaelekea nyumbani. Njiani alikuwa akijilaumu. Alisema pengine ni yeye, pengine anarudi jioni amechoka hata hamwongeleshi mtoto vya kutosha. Nilimwambia si yeye. Nyonyo ilikuwa nyumbani, ndani ya gambuti langu la kushoto, buti la mpira la kazini, imefungwa kwenye kitambaa safi.

Ninafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, zamu ya usiku. Mke wangu anashona shanga kwenye viatu vya ngozi pale Kariokor, na kutoka kwetu Ziwani ni mwendo wa miguu tu. Kwa muda mrefu mtoto wetu aliangaliwa na mama mmoja wa mtaani, ambaye sebule yake ilijaa watoto wa majirani. Kisha mama huyo akahamia Donholm kwa mwanawe. Wengine tuliowauliza walikuwa wamejaza. Tukaketi kitandani, mimi na mke wangu, tukakubaliana kwamba kwa kuwa mimi niko nyumbani mchana, nitakaa na mtoto. Ni kwa muda tu, tulisema.

Basi tukawa tunapokezana mlangoni. Mimi naingia saa moja asubuhi nikinuka hamira, yeye anatoka. Ananipa mtoto, ananionyesha uji ulipo, anakwenda.

Mtu ambaye hajawahi kulala mchana hawezi kujua jinsi mchana ulivyo na sauti. Anapita muuza sukuma wiki. Kuna fundi anayegonga mabati nyuma ya nyumba. Dirisha letu linaangalia kamba za nguo, na pale kwenye kamba ndipo wanawake wa mstari wetu wa nyumba humalizia maongezi yao yote. Hizo nilikuwa nimezizoea. Lakini mtoto aliye macho ndani ya chumba kimoja na wewe ni jambo jingine. Nilitia komeo mlangoni, nikapandisha juu kila kitu cha kukata na cha kuchoma, nikamwaga maji yote ya beseni, nikalala. Akapiga sufuria. Nikaichukua. Akavuta pazia likaanguka. Nikalirudisha. Nikalala tena, akaja akanifungua macho kwa vidole, jicho moja kisha la pili, aone kama nimo ndani.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye duka la dawa nikiwa nimembeba, nikaomba nyonyo. Muuzaji akaniuliza rangi gani. Nikasema yoyote. Akanipa ya kijani, yenye kishikio cha duara.

Alikuwa ameiacha kwa miezi kadhaa, lakini mdomo wake haukusahau. Aliketi kwenye godoro, mgongo wake umeegemea tumbo langu, akainyonya huku akisokota ncha ya blanketi. Nililala saa nne mfululizo. Nilipoamka alikuwa amekaa palepale, macho wazi, anasokota. Nilifurahi. Sitajipamba hapa, nilifurahi sana, na wala sikujiuliza mtoto wa miaka miwili anawezaje kukaa mahali pamoja saa nne.

Nilijiwekea sheria nikaziita uangalifu. Nyonyo ni ya mchana tu. Ikianguka inaoshwa. Kila siku ya tatu inachemshwa kwenye sufuria ndogo. Saa kumi jioni inatoka mdomoni, inaoshwa, inaingia ndani ya gambuti, mahali ambapo mke wangu hangeweza kutia mkono hata kwa dawa. Kisha namfuta mtoto mdomo na kumpaka mafuta pale kishikio kilipoacha alama. Mke wangu akirudi anamkuta msafi, ametulia. "Mtoto wako mpole," majirani walikuwa wakimwambia.

Siku moja nilipitiwa na usingizi hadi saa kumi na mbili. Kilichoniamsha ni kitu chenye majimaji kwenye kiganja changu. Mtoto alikuwa amesikia viatu vya mama yake kwenye varanda, akaitoa nyonyo mwenyewe, akaniwekea mkononi, akanikunja vidole. Mlango ulipogongwa, alikuwa amekwisha kuketi mbali nami, mikono mapajani.

Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kunitazama.

Hiyo ilikuwa kabla ya kliniki. Baada ya kliniki nikawa sina raha hata kidogo. Nilikuwa nikianza kulala namwona nesi akiniangalia. Nikaamua nitamwachisha kimyakimya, mama yake asijue lolote, tukirudi baada ya miezi mitatu kila kitu kiwe sawa. Nilimweleza mwenzangu mmoja kazini, baba wa watoto wanne, tukiwa tunapanga trei.

"Buda, hiyo ni kitu ya siku moja," akaniambia. "Paka shubiri. Mtoi akionja mara moja, ameisha nayo."

Nilipata shubiri kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti, nikaipaka asubuhi nikampa mtoto. Akanyonya. Uso ukakunjamana wote. Akaitoa, akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nilingoja kilio. Hakulia. Aliifuta kwenye gauni lake, akairudisha mdomoni, akakunja uso, akaitoa, akaifuta tena. Alifanya hivyo mpaka uchungu ukaisha, kisha akaniegemea akaanza kusokota blanketi.

Sikulala siku hiyo. Kushindwa kwa shubiri hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mtoto amepewa kitu kichungu na baba yake, naye hakulia, kwa kuwa alikuwa anajua kwamba nyumbani kwetu mchana halii mtu.

Kesho yake nikajaribu kumnyima kabisa. Sasa alilia, tena si kidogo. Alilia akienda mlangoni, akalia akirudi kwangu, akaleta gambuti lote akalitua kifuani pangu. Nikaitoa nyonyo humo asiifikie, nikambeba, nikamzungusha chumbani, hatua nne kwenda na hatua nne kurudi. Mlango ukagongwa. Alikuwa Ayeyo.

Ayeyo ni jirani yetu wa ukuta mmoja, mama mzee wa Kisomali ambaye wanawe wana duka la vitambaa. Jina hilo kwa lugha yao ni nyanya, na mstari mzima humwita hivyo, hata watu wenye wajukuu.

"Mtoto mgonjwa?" akauliza.

"Si mgonjwa, Ayeyo. Anamtaka mama yake."

Aliutazama mkono wangu ulioshika nyonyo, akautazama uso wangu. "Umelala leo?"

"Nitalala."

"Niletee mtoto."

"Asante, Ayeyo, tuko sawa tu."

Nilifunga mlango. Nilikuwa nikijiambia sitaki kumsumbua mzee wa watu. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine aingie ndani ya jambo lile.

Siku nne nilikwenda hivyo. Namnyima asubuhi, ikifika saa sita nashindwa nampa, au nasinzia nimeketi na kuzinduka nikiwa nimeshika mguu wake. Siku ya nne, zamu ikikaribia kwisha, nilikuwa nasukuma toroli ya trei za moto nikalala huku natembea. Sikujua kwamba inawezekana. Niliamka mkono wangu ukiwa umegusa chuma cha trei, na ngozi ya chini ya kiwiko ilikuwa imekwisha kubadilika rangi. Walinifunga bendeji, wakaniambia niende nyumbani.

Mke wangu alitaka kubaki siku hiyo anitazame. Nikamwambia aende kazini, mkono si kitu. Alipoondoka tu, nilitoa nyonyo kwenye gambuti nikampa mtoto bila hata kuiosha, nikaanguka kitandani.

Nilipoamka, jua lilikuwa limefika kwenye kabati. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Nilikuwa nimesahau komeo.

Nilitoka miguu mitupu. Kwenye kamba za nguo hapakuwa na mtu. Nilikwenda kwenye bomba la maji, nikaangalia ndani ya tangi, nikarudi, nikaenda hadi barabarani, nikasimama huku nikigeuka kushoto na kulia, sijui nikimbilie upande upi. Nilikuwa nimekaa miezi nikimnyamazisha, na sasa hata ningemwita, je, angeitika?

Niliporudi ndipo nikasikia mtoto akiongea nyumbani kwa Ayeyo. Nilidhani ni mjukuu wake.

"Ayeyo, paka! Paka anakula. Ayeyo, leta maji. Leta ya paka."

Nilisogea kwenye pazia la mlango wake. Binti yangu alikuwa amekaa kwenye zulia, mkononi ana kipande cha anjera, ile chapati laini ya Kisomali, akimpungia paka aliyekuwa dirishani. Nyonyo ilikuwa kwenye kisahani kando ya kikombe cha chai. Sauti yake ilikuwa nene kuliko nilivyodhani. Nilisimama pale nikiisikiliza sauti ya mwanangu kama mtu anayesikiliza habari za watu wengine.

Ayeyo aliniona. "Ingia. Viatu huna hata vya kuvua."

Nikaketi. Mtoto aliponiona alinyamaza papo hapo. Akanyoosha mkono akachukua nyonyo kwenye kisahani, akaitia mdomoni, akaja kukaa mbele yangu, mgongo wake umenielekea.

"Umeona?" Ayeyo akasema.

Nilikuwa nimeona.

"Anaongea siku nyingi," akasema. "Jioni mama yake akija kuchota maji, huyu hukimbilia kwangu, anaongea dakika mbili tatu na paka. Nilidhani nyumbani pia anaongea."

"Ni mimi, Ayeyo. Nalala mchana. Nilimfundisha kunyamaza."

"Nani alikwambia ulale na mtoto aliye macho? Mlango wangu uko hatua tano."

"Sikutaka kukusumbua."

Akacheka kidogo bila furaha. "Mimi niko hapa kutwa na redio. Kunisumbua!" Kisha akainama karibu. "Mama yake anajua?"

Nikamrekebisha mtoto kola ya gauni.

"Mwambie. Mwambie upesi, mwanangu, kabla huyu hajamwambia. Ameshaanza kusema."

Nilikubali kwa kichwa. Nikapanga kumwambia jioni ile. Jioni mke wangu alikuja na ndizi, akaniosha mkono, akabadilisha bendeji polepole akipuliza, na mimi nikaona si wakati wake. Kesho yake alikuja na maumivu ya kichwa. Kesho kutwa yake nikatoka kwenda kazini mapema. Kila nilipofungua mdomo nilikuta sababu imekwisha kukaa ndani.

Jumapili tulikuwa tunajiandaa kwenda kanisani. Mke wangu alikuwa ameketi kitandani akivaa viatu, mimi nanyoosha shati. Mtoto akaenda nyuma ya mlango, akainama, akatumbukiza mkono ndani ya gambuti hadi begani. Nilimwona. Nilikuwa na pasi mkononi, nikabaki nayo hewani. Akatoa kitambaa, akakikunjua, akampelekea mama yake.

"Nyonyo ya mchana," akasema.

Mke wangu aliruka. Alimshika mashavu. "Umesikia? Umesikia? Amesema maneno matatu! Sema tena, mama, sema tena."

"Nyonyo ya mchana," mtoto akasema kwa furaha. Akaitia mdomoni kumwonyesha, akaitoa, akaja kuniwekea mkononi na kunikunja vidole.

Nikaona furaha ikimtoka mke wangu usoni, kidogo kidogo, akiunganisha jambo moja baada ya jingine. Nilizima pasi. Nikamweleza yote, kuanzia duka la dawa. Nilipomaliza, nilitegemea aniulize habari za meno, au za gambuti.

"Ulikuwa umesimama pale kwa nesi," akasema. "Mimi nikamwambia hapana, na wewe uko pale."

"Nilikuwepo."

"Ukaniacha niseme uwongo nisioujua. Halafu njiani nikajilaumu, na ukanisikiliza."

Alivua kiatu kimoja alichokuwa amevaa. Kanisani hatukwenda. Alimbeba mtoto akatoka, akakaa kwa Ayeyo hadi mchana, na mimi nikabaki chumbani nikikunja nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kukunjwa. Niliwasikia kupitia ukutani. Mtoto alikuwa akiongea.

Waliporudi, mke wangu alitoa kwenye mkoba mkasi wake wa kukatia ngozi. Nilifikiri ataikata nyonyo. Akanipa mimi.

"Mara ya kwanza nilimwachisha peke yangu," akasema. "Siku tano nililia naye usiku wewe ukiwa kazini. Mara hii ni yako."

Niliikata mtoto akiona, mke wangu akiona. Plastiki ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Mtoto akachukua kile kipande cha mpira, akajaribu kukiunganisha na kishikio, akanitazama anisaidie. Nikamwambia imeharibika. Nikakusanya vipande vyote, nisije nikamwachia kimoja cha kumkaba, nikavipeleka kwenye pipa la mtaa.

Jumatatu nikagonga kwa Ayeyo nikiwa na uji wa mtoto na nguo za kubadilisha. Tukapatana kwamba atakuwa naye asubuhi hadi saa saba, mimi nilale, kisha kutoka hapo mchana uliobaki ni wangu, macho wazi. Nilimwuliza nimpe nini. Akasema nimletee mkate wa motomoto kutoka kazini, na asiuone umepondeka.

Saa saba ndiyo ilikuwa ngumu, maana ndiyo saa ya mtoto kulala. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye gambuti, akatumbukiza mkono, akakuta hamna. Akatazama la kulia. Akalia mpaka akatapika anjera. Nilimbeba, sikumwambia nyamaza. Hilo nilikuwa nimejiapiza. Nilimwambia, "Lia, mama, lia," nikizunguka hatua zangu nne, mpaka fundi wa mabati akaacha kugonga akauliza kwa dirisha kama kuna shida. Nikamwambia mtoto anaachishwa. "Ah, pole," akasema, akaendelea kugonga. Alilala akiwa ameuma kifungo cha shati langu.

Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu aliingiza mkono ndani ya gambuti, akaniambia mwenyewe, "Hakuna," akalia kwa muda mfupi zaidi. Baada ya hapo nilipoteza hesabu. Kuna siku nzuri zilizofuatwa na mbaya. Aliwahi kumnyang'anya mtoto wa jirani nyonyo yake mdomoni, nikalazimika kuomba msamaha kwa mama yake pale bombani. Wiki mbili alisaga meno usingizini. Mimi nilikuwa nalala saa tano tu, nusu nusu, sikio moja ukutani. Na mkono wangu ulipona ukabaki na baka.

Lakini maneno yalikuja. Yalikuja hata kabla sijawa tayari. Anaongea akila, anaongea akiwa chooni, anamwelekeza fundi namna ya kugonga. Maneno mengine ni ya Kisomali, nikitaka kujua ameomba nini inabidi nimuulize Ayeyo.

Mke wangu alichukua muda mrefu kuliko mtoto. Hakununa wala hakunisema. Alianza tu kuuliza. Kila jioni akivua viatu huniuliza, "Leo mmefanya nini?" nami humweleza. Kisha humgeukia mtoto, mbele yangu, akamuuliza swali lilelile. Mwanzoni ilinichoma. Nilikuwa nikitoka nje nijifanye naanua nguo. Siku hizi nakaa nasikiliza.

Juzi nilimweleza kwamba tulikula wali, tukalala kidogo, tukaenda kuangalia watoto wakicheza mpira. Akamgeukia mtoto. Mtoto akasema walikula wali, baba akalala, yeye hakulala, wakaona mpira.

"Na sukari," akasema.

Mke wangu akanitazama.

"Kijiko kimoja," nikasema.

"Viwili," mtoto akasema.